Kistari Si Sifuri

Kurasa arobaini na sita za kwanza Bi Hesabu alizisoma akiwa amekaa, mgongo kwenye jiwe, kikombe cha chai kikipoa pembeni. Ya arobaini na saba ilimsimamisha. Aliisoma akiwa wima, akaisoma tena, halafu akaitolea tusi ambalo mama yake, Mungu amrehemu, angemfinya sikio kwa ajili yake, hata kama mwenye sikio ana miaka hamsini na miwili.

Ripoti ya kampuni ya umeme ilikuwa imeletwa asubuhi ile na dereva wa ofisi, pamoja na betri za redio na dumu la maji. Karatasi zake zilikuwa nzito na zinang'aa, na kwenye jalada kulikuwa na picha ya mlima ule ule aliokuwa amesimama juu yake, ila pichani mgongo wa mlima ulikuwa umepandwa mitambo ya upepo thelathini, myeupe, kila mmoja na mapanga yake matatu. Bi Hesabu hakuwa na ugomvi na umeme. Nyumbani kwake taa zilikatika kila wiki, na yeye alilaani gizani kama watu wengine wote. Ugomvi wake ulikuwa na ukurasa wa arobaini na saba, uliosema kwamba katika mwaka uliochukuliwa kuwa mfano, kwa siku kumi na moja mfululizo katikati ya msimu, idadi ya ndege mbuai waliopita kwenye pengo la mlima ilikuwa sifuri. Zilikuwa zimepangwa kwenye jedwali, sifuri kumi na moja, nono, zimeshiba. Na chini yake hitimisho: ndege hawalitegemei pengo hili, ujenzi unaweza kuendelea.

"Sifuri!" aliuambia mlima. "Sifuri nyumbani kwenu!"

Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa moja tu: kukaa juu ya lile jiwe bapa msimu mzima, toka saa moja asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, na kuhesabu. Tai, kozi, mwewe, vipanga, na kuliko wote shakivale, wanaohama kwa maelfu kila mwaka na kupenya pale pale kwenye pengo. Ndege mzito hapendi kupiga mabawa bure. Anangoja jua lipashe mawe, hewa ya moto ipande, naye apande nayo akizunguka, yeye na wenzake mamia, bila kutikisa bawa. Mzunguko ule Bi Hesabu aliuita ngoma. Ngoma ikishakolea ndipo mgeni anapoanza kuhesabu kwa kunyoosha kidole, na akifika thelathini amepotea, anaanza upya, anapotea tena. Bi Hesabu hakuhesabu ngoma. Aliingoja. Wa juu kabisa akijitoa, akanyoosha mabawa na kuteleza kuelekea upande wa pili, wengine humfuata mmoja mmoja kama watu wanaotoka mlangoni. Hapo, walipokatiza kati ya mnara wa simu na mwamba uliopasuka, ndipo dole gumba lake lilipoanza kukibofya kile kidude cha kuhesabia. Siku nzuri walipita elfu nne. Siku moja, ambayo aliisimulia mpaka watu wakawa wanamkimbia, walipita elfu kumi na moja mia mbili na sita. Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho.

Na kazi ile ilikuwa na sheria moja iliyozipita zote. Kwenye fomu, kila saa ina kisanduku chake. Ukikaa, ukatazama, na asipite hata mmoja, unaandika sifuri. Ukungu ukifunga, mvua ikikushusha, ukiugua, yaani kama hukutazama kwa sababu yoyote ile, unaandika kistari. Sifuri ni neno la shahidi: nilikuwepo, hawakuja. Kistari ni neno la mtu mkweli: sijui, sikuwepo. Mdogo wake, Bi Hesabu alipomtafutia kazi hapo na kumpandisha mlimani miaka kumi iliyopita, alimpiga kofi la kisogo kwa kuandika sifuri mahali pa kistari.

"Kistari si sifuri, we mtoto," alimwambia siku hiyo. "Sifuri unaiapia."

Siku zile kumi na moja hakuhitaji kuzitafuta kwenye daftari. Tarehe tatu mpaka tarehe kumi na tatu, mwaka wa juzi. Alijua alikuwa wapi, na alijua aliandika nini kwenye fomu baada ya kurudi, kisanduku baada ya kisanduku, kwa kalamu nyeusi, na karatasi ya kaboni ikamwachia nakala ya bluu. Aliandika vistari. Fomu zote zilipelekwa ofisini, na ofisini mtu wa kuziingiza kwenye mashine alikuwa mmoja.

Kwa kuwa ndege hawana habari na hasira ya mtu, ngoma ilianza. Bi Hesabu aliibana ripoti chini ya jiwe ili upepo usimsaidie kuitupa, akainua darubini, akahesabu. Machozi yalimsumbua kwenye lenzi, akayafuta kwa upindo wa kanga, akaendelea. Mpaka saa kumi na moja walipita mia sita na kumi na wawili, na hakuna hata mmoja aliyempotea.

*

Mdogo wake nyumbani aliitwa Kitinda, kwa kuwa alifunga mlango wa uzazi wa mama yao. Ofisini waliitwa wote kwa vyeo, naye akaitwa Mtaalamu. Alikuwa na meza yenye droo za kufunga kwa ufunguo, kompyuta mbili, na kiti cha kuzunguka ambacho Bi Hesabu alikikalia mara moja tu, kikamtia kichefuchefu.

Jioni ile alimkuta sebuleni, bado na shati la kazini, soksi mguuni. Wifi yake ndiye aliyefungua mlango.

"Karibu wifi! Mbona hukupiga simu?"

"Nina miguu, simu ya nini?"

"Shikamoo dada," alisema Kitinda, akiinuka.

"Marahaba," alijibu Bi Hesabu, maana hasira ni hasira na salamu ni salamu. Hakukaa. Aliifungua ripoti mezani, ukurasa wa arobaini na saba, akaweka pembeni daftari lake la nakala za bluu. "Soma."

Kitinda alitazama. Hakuhitaji kusoma, uso wake ulionyesha hivyo.

"Hiki ni nini?" Bi Hesabu aliweka kidole kwenye daftari.

"Kistari."

"Na hiki kwenye karatasi yao ya kung'aa?"

Kitinda alitazama soksi zake.

"Nakuuliza, Mtaalamu. Umesoma mpaka ukapewa kiti cha kuzunguka. Hiki ni nini?"

"Sifuri, dada."

"Nani kakigeuza?"

Kitinda alijaribu kwanza kuisingizia mashine, kama kawaida ya watu wenye mashine. Alisema ile programu haikubali kistari hivi hivi. Ukiweka kistari kwa sababu ya mtu kuondoka, inakudai namba ya ruhusa ya maandishi. Usipoiweka, jina la mwenye zamu linatokea kwa mkurugenzi, na kanuni inajulikana: anayeacha zamu bila ruhusa hana kazi. Ruhusa haikuwepo. Sifuri, alisema, haiulizwi swali.

"Ruhusa haikuwepo kwa nini?" Bi Hesabu alisema taratibu, na taratibu yake ilikuwa mbaya kuliko kelele. "Nani aliniambia kwenye simu, 'Nenda dada, kamwangalie mama, ruhusa niachie mimi, na zamu nitapanda mwenyewe nikushikie'?"

"Ni mimi."

"Ulipanda?"

"Dada, kulikuwa na yale mafunzo. Aliyekosa siku mbili alitolewa, na cheo kilitegemea mafunzo hayo. Nilibanwa."

"Ulibanwa. Mama alibanwa kifua, wewe ukabanwa na mafunzo. Ulikuja siku ya kuzika, na viatu umevipiga rangi."

"Wifi," mke wa Kitinda aliingilia, trei ya vikombe mikononi, "kaa kwanza unywe kitu."

"Sinywi."

"Nilikuficha, dada," alisema Kitinda, na sauti yake ikapanda kidogo, kwa sababu hili aliliamini. "Ningeweka kistari wangekufukuza mwezi ule ule, matanga hayajaisha. Nilikuficha. Ningejua wataenda kuchagua mwaka huo katika miaka yote?"

"Umejificha wewe. Mimi ulinifanya kichaka."

Alikumbuka sasa. Mwaka ule aliuliza mwenyewe kwa nini wastani wa msimu umeshuka hivyo, na Kitinda akamjibu kwamba mashine ina namna yake ya kupiga wastani. Naye, mjinga, akakubali. Miaka kumi na tisa haamini macho ya mtu mwingine juu ya mwewe mmoja, lakini neno la mdogo wake alilimeza bila kutafuna.

Wifi aliweka trei mezani. "Sasa wifi, maji yakimwagika hayazoleki. Kikao cha kibali ni Alhamisi. Kikipita, kimepita. Ukisimama kusema, mtafukuzwa wote wawili, halafu tutaishije?"

"Hayazoleki, ndiyo. Lakini aliyeyamwaga anajulikana."

"Naweza kusahihisha kimya kimya," alisema Kitinda. "Mwakani, nikifungua mafaili ya zamani..."

"Mwakani mapanga yatakuwa yanazunguka, na wewe utakuwa unaokota mabawa chini kwa ndoo."

Bi Hesabu alianza kukusanya vitu vyake, halafu akaviacha.

"Mnafikiri nimekasirika kwa ajili ya ndege," alisema. "Ndiyo, nimekasirika kwa ajili ya ndege. Lakini sikia, Kitinda. Siku hizo nilikuwa chumba cha nyuma, nyumbani kwa mama. Nilimwogesha mama yako. Nilimgeuza kila saa mbili asipate vidonda. Nilimnywesha maji kwa kijiko, na kila mlango ukilia aliuliza kama ni wewe. Siku ya tisa alikufa amenishika mkono. Wewe ukakaa kwenye kiti chako, ukaandika kwamba nilikuwa mlimani, natazama anga tupu. Mama hakuugua, ndege hawakupita, hakuna kilichotokea. Sifuri."

Kitinda alikaa chini. Mkewe alimtazama yeye, akamtazama Bi Hesabu, akaichukua trei. Bi Hesabu alichukua ripoti na daftari, akatoka bila kuaga.

*

Alhamisi ukumbi ulijaa. Viti vya plastiki viliisha, watu wakasimama ukutani, na kipaza sauti kilipiga mluzi kila alipokishika mtu. Mwenyekiti wa kikao alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya kamba shingoni na sura ya mtu asiyependa kupotezewa asubuhi yake. Mstari wa mbele alikaa mkurugenzi wa ofisi ya kuhesabu, na pembeni yake Kitinda, kompyuta mapajani, tayari kutoa takwimu zikiulizwa. Wifi alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango.

Mshauri wa kampuni ndiye aliyesema kwanza. Alikuwa kijana msafi, mwenye buti za mlimani ambazo bado hazijaonja jiwe. Alisema vizuri, lazima akubaliwe hilo. Alisema kampuni haikutunga chochote, takwimu zote ni za ofisi ya kuhesabu yenyewe. Alionyesha jedwali ukutani. Zile sifuri zilikuwa kubwa kama masufuria.

Bi Hesabu hakungoja kuitwa. Alisimama, mkono juu, daftari la bluu kifuani.

"Hizo si sifuri," alisema. "Ni vistari."

Mshauri alitabasamu. "Mama, kwenye jedwali nililopewa hakuna kistari hata kimoja. Ndege hawakuwepo. Na wahenga walishasema, asiyekuwepo na lake halipo."

Ukumbi ulicheka. Hata mwenyekiti alitikisa bega. Bi Hesabu alingoja kicheko kiishe, kwa sababu kungoja alikuwa amejifunza.

"Methali nzuri," alisema. "Ila umeipeleka kwa asiyehusika. Asiyekuwepo si ndege. Asiyekuwepo ni mimi."

Mkurugenzi aligeuka kwenye kiti.

"Tarehe tatu mpaka tarehe kumi na tatu sikuwepo mlimani. Niliondoka bila ruhusa ya maandishi. Nakala yangu hii hapa, siku zote kumi na moja nimeandika vistari kwa mkono wangu, na sababu nimeandika. Siku hizo hakuna binadamu aliyetazama lile pengo. Walipita wangapi? Sijui. Wewe mwenye buti hujui. Hizo karatasi zako zinazong'aa hazijui. Ninachojua ni kwamba miaka mingine yote, siku hizo hizo kumi na moja, hawajawahi kupungua elfu ishirini. Mtu akilala mpaka mchana, asiamke akasema jua halikuchomoza."

Safari hii hakucheka mtu.

"Bi Hesabu," mkurugenzi alisema, nusu amesimama, "unajua unachokisema hapa? Kanuni unaijua?"

"Naijua. Niliibandika mwenyewe kwenye mlango wa kibanda cha mlimani."

"Subiri kwanza," alisema mwenyekiti. Alivaa miwani. Alichukua lile daftari, akalipekua, akatazama ukutani, akarudi kwenye daftari. "Hapa ni vistari. Pale ni sifuri. Nani aliyeziingiza sifuri?"

Bi Hesabu alimtazama mdogo wake. Alimpa nafasi. Alihesabu kimoyomoyo, kwa mazoea, mpaka kumi, na taratibu, kama anavyohesabiwa mtoto aliyepanda juu ya meza. Kitinda aliinamia kompyuta yake kana kwamba kuna kitu kimeandikwa pale kati ya vitufe. Kumi ikafika. Bi Hesabu akampa na tano za nyongeza, ambazo hajawahi kumpa ndege yeyote.

"Yule," alisema. "Mwenye shati la bluu. Mdogo wangu, tumbo moja, ziwa moja. Kikulacho ki nguoni mwako."

Nyuma ya ukumbi wifi alijifunika uso kwa mtandio. Kitinda hakukana. Mwenyekiti alimuuliza kama ni kweli, akasema ni kweli, kwa sauti ambayo kipaza sauti hakikuikamata, ikabidi arudie.

Uamuzi ulitoka kabla ya saa sita. Kibali hakitatolewa. Ndege wahesabiwe upya msimu mzima, siku kwa siku, na kabla ya hapo lisichimbwe hata shimo la kupanda mchicha. Watu walipiga makofi. Mwanamke mmoja asiyemfahamu alimkumbatia Bi Hesabu na kumwambia ameokoa mlima. Bi Hesabu alimwona mkurugenzi, juu ya bega la yule mwanamke, tayari anaandika.

Barua yake ya kufukuzwa ilikuja Jumatatu. Miaka kumi na tisa, mistari mitatu na muhuri.

Kitinda hakufukuzwa. Alinyang'anywa cheo na kiti cha kuzunguka, na kwa kuwa ofisini hapakubaki mtu mwingine anayeweza kutofautisha kozi na mwewe, akapelekwa mlimani kukaa juu ya lile jiwe. Yaani adhabu ya yule aliyesema kweli ilikuwa kunyang'anywa jiwe, na adhabu ya yule aliyedanganya ilikuwa kupewa. Bi Hesabu aliposikia hivyo alicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini, na alipofika jirani kuuliza kilikuwa si kicheko tena.

*

Msimu uliofuata, ambao ndio ulikuwa wa kuhesabiwa upya, Bi Hesabu aliapa hatapanda. Alikaa nyumbani akigombana na masufuria. Alifua vilivyo safi. Watu wa mtaani walimtania, "Bi Hesabu, leo wangapi?" naye aliwajibu kwa maneno yasiyo na hesabu. Lakini dirisha la jikoni lilitazama mlima, na kila saa nne asubuhi, mawe yanapoanza kupata moto, alijikuta amesimama pale, kisu mkononi, kitunguu nusu, akitafuta vidoa juu ya pengo. Bila darubini hakuona kitu. Hilo nalo lilimkasirisha.

Kitinda alimpigia simu mara saba. Zote saba hakupokea.

Tarehe tatu alijizuia. Tarehe nne na tano alijizuia. Tarehe kumi na moja, siku ambayo mama yao alikufa, aliamka kabla ya jua, akavaa buti, akachukua darubini yake mwenyewe, ile ya kwanza kabisa yenye lenzi moja iliyokwaruzika, na njia nzima ya kupanda alijiambia kwamba anakwenda kwa ajili ya ndege.

Alimkuta mdogo wake juu ya jiwe, amekonda, midomo imepasuka, pua inabambuka ngozi kwa jua. Mbele yake shakivale walikuwa wanazunguka juu ya bonde, mia tatu au zaidi, na Kitinda alikuwa anabofya, anabofya, kidole kimenyooka hewani, midomo inacheza.

"Acha!" Bi Hesabu alipiga kelele kabla hata hajafika. "Unahesabu ngoma, we mtoto! Ngoja watoke!"

Kitinda aliruka. Alikitazama kile kidude, akakirudisha kilipokuwa kabla ya ngoma kuanza, akasogea upande mmoja wa jiwe.

"Shikamoo dada."

"Marahaba," alisema, bila kumtazama. "Mnara na mwamba. Macho yako yakae hapo tu. Huyo anajitoa. Haya."

Walihesabu. Yeye alitaja, Kitinda alibofya. Alipokosea alifinywa bega, mwanamume mzima mwenye watoto wawili, na hakulalamika. Mpaka saa sita walipita elfu moja mia tatu na arobaini. Halafu anga ikatulia, kama kawaida ya mchana, na hapakuwa na kisingizio cha kutoongea.

Kitinda alifungua begi akatoa rejista kubwa yenye jalada gumu. Aliikalisha magotini kwanza, kama mtu anayepima uzito wake.

"Wamenirudishia mwaka ule niusahihishe," alisema. "Kwa mkono. Mkurugenzi hataki tena kusikia habari za mashine. Nilikupigia nikusomee, hukupokea."

"Sikupokea."

"Tazama kama nimekosea."

Bi Hesabu aliipokea. Vistari vilikuwepo, kumi na moja, vimenyooka, amevipiga kwa rula. Mbele ya kila kistari, kwenye safu ya sababu, ambayo siku zote huandikwa neno moja tu, ukungu au mvua, Kitinda alikuwa ameandika kwa herufi ndogo ili patoshe. *Mwenye zamu hakuwepo. Alikuwa akimuuguza mama. Msaidizi, mdogo wake, aliahidi kushika zamu na hakupanda.* Alikuwa ameyarudia maneno hayo hayo tarehe tatu, nne, tano, mpaka kumi, bila kuweka alama za "kama juu", bila kufupisha. Tarehe mbili za mwisho ameandika matanga, na kila mstari ameutia sahihi yake.

Tarehe kumi na moja maneno yalikuwa mengine.

*Mama alifariki saa nne asubuhi. Dada alikuwepo.*

Bi Hesabu alisoma neno lile la mwisho, akalisoma tena. Mbele ya ukumbi mzima alikuwa amesema hakuwepo, na ilikuwa kweli, na lilimgharimu jiwe lake. Hakuna aliyewahi kumwandikia hili lingine. Alikuwa bado na hasira, na alijua kwamba ataishi nayo muda mrefu, na hakuona aibu kuwa nayo. Alitazama juu, akafuta macho kwa kiganja, akarudisha kidole kwenye ule mstari.

"Si saa nne," alisema.

"Dada?"

"Saa nne na robo. Ungekuwepo ungejua."

Kitinda alichukua kalamu. Alikata, akaandika upya pale juu, palipokuwa na nafasi ndogo. Bi Hesabu alisimama nyuma ya bega lake mpaka alipomaliza kuandika robo.